Mshale wa Makungu katika Nchi ya Bayana

Namna Makungu Vuai alivyofika nchi ya Bayana si habari ya kumchosha mtu. Alifika, miguu imemvimba, akapewa kiti. Mambo yenyewe yalianzia pale mpakani, afisa mmoja mwenye miwani alipomuuliza kwa adabu kubwa anaionaje hali ya hewa.

"Joto kali," alisema Makungu huku akijifuta jasho.

Afisa alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe. "Limepimwa na nani? Kwa chombo gani? Na ni joto la hewa, la ngozi yako, au la mahali hapa kwa jumla?"

Makungu alikuwa fundi wa mita za maji. Miaka thelathini alikuwa akipita nyumba za watu kwao akifungua mita, akisafisha mita, akirudisha mita, na katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza swali zuri kiasi kile. Afisa alimhurumia ugeni wake, akamfundisha jibu la wenyeji. Huko Bayana mtu akiulizwa habari za mvua, za joto au za upepo, hujibu hivi: "Bado haijaelezwa." Akiwa amelowa chapachapa, jibu ni hilohilo.

Makungu alikuwa amekuja kumwona mdogo wake, Mwatima, aliyeolewa huko miaka kumi na mmoja iliyopita, katika kijiji cha Mkondoni kilicho kando ya mto. Mwatima alikuwa mtunza kihisi. Vihisi, kwa asiyevijua, ni vile vyombo vidogo vinavyohisi joto, mvua, upepo au kina cha mto na kutoa namba. Nchi nzima ya Bayana imejaa vihisi, vimepigiliwa kila ukuta na kila nguzo kama hirizi. Cha Mwatima kilifungwa kwenye nguzo ya daraja, juu kidogo ya kijiji, na kazi yake ilikuwa kukisoma asubuhi na jioni.

Mumewe, Mwalimu Mshamu, alikuwa na kazi mbili. Alifundisha watoto, na alilinda king'ora kilichowekwa juu ya paa la shule. King'ora hicho kikilia, watu wa Mkondoni wanapaswa kupanda mlimani kwa sababu mto unakuja. Ufunguo wake aliuvaa shingoni, hata akienda kuoga. Mungu hakuwajalia watoto, ila nyumba haikukosa kelele, maana watoto wa majirani walishinda humo wakifundishwa kuandika vibandiko. Kila kitu cha nyumba kilikuwa na kibandiko. Cha sufuria kiliandikwa: *Sufuria. Ni aina ya Chombo. Chombo ni aina ya Kitu.* Makungu alikuta kimoja hata mgongoni mwa paka.

Siku ya kwanza, wakila, Mwatima alisema, "Leo mto nimeukuta..."

Mwalimu Mshamu alitupa tonge, akaziba masikio kwa mikono yote miwili, mchuzi ukimtiririka mpaka viwikoni. "La, la, la! Mke wangu, mbele ya shemeji!"

Makungu alicheka mpaka akapaliwa. Ndipo akaelezwa sheria. Namba ya kihisi haiwezi kutoka kwa mtunza kihisi kwenda kwa mlinzi wa king'ora mpaka ipite mjini, kwenye Baraza la Maelezo, ikaelezwe kikamilifu kwa Mchoro wa Pamoja, ule unaopanga maana ya kila neno la nchi. Mke na mume walilala kitanda kimoja, na namba ilipaswa kutembea nusu siku kwenda na nusu siku kurudi ili itoke ubavu huu wa kitanda ifike ubavu wa pili.

"Usicheke, shemeji," alisema Mwalimu Mshamu, naye alikuwa mtu mpole, asiyejua kukasirika. "Tuliumia sisi. Zamani watu wa kaskazini walihesabu mto kutoka juu kwenda chini, dhiraa ngapi zimebaki maji yafike ukingoni. Watu wa kusini walihesabu kutoka chini kwenda juu. Masika moja ikaja habari kutoka kaskazini: 'Mbili.' Huko maana yake mto umebakiza dhiraa mbili ufurike. Huku wakaelewa kwamba maji yote ni dhiraa mbili tu, wakaingiza ng'ombe wavuke. Ng'ombe arobaini, shemeji. Na wachungaji watatu, mmoja wao baba yangu mdogo. Ndipo tukaapa kwamba hakuna namba itakayotembea uchi tena katika nchi hii. Itasema imepimwa na nani, kwa chombo gani, kuanzia wapi, ya kitu gani."

Makungu aliacha kucheka. Na mimi ninayesimulia nasema wazi kwamba kiapo kile kilikuwa cha watu wenye akili. Nchi ngapi zimezika wachungaji wake zikaendelea kuhesabu vilevile? Wabayana walianza vizuri kutushinda sote. Tatizo ni kwamba tangu waanze ilikuwa imepita miaka ishirini na miwili, na Mchoro ulikuwa haujakamilika.

Mwalimu Mshamu aliuamini Mchoro kama wengine wanavyoamini dawa. Aliposikia shemeji yake ni fundi wa mita, macho yalimng'aa. "Nenda Barazani, shemeji. Mtu kama wewe wanamhitaji." Akampa barua ya utambulisho yenye kurasa sita, nne kati yake zikieleza barua ni nini.

Ukumbi wa Baraza ulikuwa mkubwa kama ghala la karafuu. Ukuta mmoja wote, toka sakafuni mpaka darini, umechorwa visanduku na mishale, na wafanyakazi wamepanda ngazi wanafuta hapa na kupaka rangi pale. Kila neno lilikuwa na kisanduku chake, na kila kisanduku kilipaswa kuwa na mama, na mama awe na mama yake, mpaka ufike kwa bibi wa wote aitwaye Kitu. Makungu aliambiwa kwamba miaka mitatu ya mwanzo ilikwenda katika kuamua kama Kitu naye ana mama.

Nje ya mlango kulikuwa na foleni ya raia walioleta namba zao. Makungu alimsalimu mama mmoja aliyekuwa ameshika cheti kilichochakaa. Mwanawe alipata homa, daktari akampima, fomu ikarudishwa kwa swali moja: joto lililopimwa ni la mtoto au ni la kwapa?

"Pole, mama. Mtoto hajambo sasa?"

"Huyu hapa," alisema yule mama, akimwonyesha binti mrefu aliyekuwa amempakata kichanga. "Na huyu mjukuu naye amekohoa tangu jana, lakini tunamaliza kwanza la mama yake."

Ndani, mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Shekuwe, mzee msafi, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akikataa jambo wala akilikubali. Upande wake wa kulia walikaa Watu wa Kitu wakiongozwa na Bwana Pandu. Hawa walishikilia kwamba kihisi ni kitu: chuma, waya na parafujo. Upande wa kushoto walikaa Watu wa Tendo wakiongozwa na Bi Zaituni. Hao walisema kihisi ni kile kinachohisi wakati kinahisi, na kikiacha kuhisi ni chuma chakavu. Kwa miaka minne walikuwa wakibishana kuhusu kihisi kilichoishiwa betri. Walikuwa hawasalimiani hata msibani.

"Mpishi akilala si mpishi," alisema Bi Zaituni siku ile. "Ni mtu aliyelala."

"Basi mumeo akilala si mumeo?" aliuliza Bwana Pandu.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Karani alisimama akauliza kama kicheko kile kiandikwe kuwa kimetazamwa au kimesikiwa, na kama mwenye kicheko ni ukumbi au ni watu waliomo. Wakaliahirisha.

Makungu aliketi nyuma siku tatu akisikiliza. Mwanzoni alitaka kucheka, halafu akaanza kusinzia, halafu siku ya tatu, mvua ikiwa imenyesha siku mbili kwenye milima ya kaskazini, akajikuta ana maoni. Hivyo ndivyo Baraza lile linavyomla mtu. Akanyoosha mkono.

"Waheshimiwa, mimi ni fundi tu. Lakini mita yangu ikiharibika, maji hayajaharibika. Mita ikisoma kumi, ile kumi ni ya mita. Kina ni cha maji. Viwekeni mbali, kisanduku hiki na kisanduku hiki. Halafu chora mshale katikati."

Karani aliacha kuandika. Bi Zaituni alivua miwani akaifuta. Bwana Pandu alisimama, akavuka ukumbi, akamkumbatia Bi Zaituni, na watu wakapiga makofi mpaka vumbi likadondoka darini. Walimvika Makungu joho jeupe lililotariziwa visanduku kwa uzi wa buluu. Walimwita Mtaalamu. Mtu huyu kwao alikuwa akiitwa "wee fundi", akiingilia mlango wa jikoni, na akimaliza kazi anaambiwa afute nyayo zake. Sasa mafundi wa rangi walikuwa wakipanda ngazi kuchora mshale mwekundu ukutani, na chini yake wakaandika: *Mshale wa Makungu*. Alihisi raha, akalinyoosha joho mabegani. Kwa sababu hiyo Toleo la Thelathini na Nane la Mchoro lilifutwa papo hapo, na la Thelathini na Tisa likaanza kutumika.

Wino haujakauka, mlango ukafunguliwa, akaingia Mwatima. Alikuwa amelowa mpaka kifuani, tope mpaka magotini, mkononi ameshika fomu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Dhiraa saba kutoka chini," alisema, akihema. "Ukingo ni dhiraa tisa. Kila saa sita mto unapanda dhiraa moja. Nimejaza visanduku vyote thelathini na kimoja. Naomba muhuri, king'ora kipigwe."

Karani aliipokea fomu kwa vidole viwili, akaisoma yote bila haraka. "Imejazwa vizuri sana, dada. Ila hii ni ya Toleo la Thelathini na Nane."

"Hilo ndilo mlilonipa juzi!"

"Limekwisha sasa hivi. Humu hamna mshale."

Mwatima aligeuka, akamwona kaka yake kwenye kiti cha mbele, amevaa joho. Uso wake ulifunguka kwa furaha. "Kaka! Alhamdulillahi. Waambie, kaka. Mshamu anasubiri karatasi tu."

Hapa ningependa kusimulia kwamba Makungu aliruka kitini. Hakuruka. Aliutazama mshale wake ukutani, bado unachuruzika rangi, na moyoni akaona kwamba ikiwa namba ya kwanza kabisa itapita bila mshale, basi watu watasema mshale wenyewe haukuwa na faida. Tena ni kisanduku kimoja tu.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti ya kitaalamu, "jaza tu hapo. Ni dakika chache."

Mwatima alimtazama. Kisha akachukua kalamu akajaza. Namba ya kihisi: saba. Namba ya maji yenyewe: saba.

"Hii ya pili," aliuliza karani, "imepimwa na nani?"

"Kihisi."

"Ya kihisi umeshaiandika juu. Hapa panatakiwa kina cha maji chenyewe, mbali na kihisi. Ndiyo maana ya mshale. Nani ameyapima maji pasipo kihisi?"

Ukumbi ulinong'ona kwa kuridhika, maana lilikuwa swali zuri. Bi Zaituni alipendekeza kamati. Bwana Pandu, kwa upendo mpya, aliunga mkono. Na Makungu, Mungu amsamehe, alinyoosha mkono awe mjumbe, akijiambia kwamba akiwemo yeye mambo yatakwenda upesi.

Mwatima aliiweka kalamu mezani taratibu. "Kaka, nyumba yangu iko chini ya lile daraja," alisema. Akatoka.

Kamati ilikaa. Ilipofika alasiri Makungu aliikumbuka nyumba iliyo chini ya daraja. Akasimama, akapiga meza, akapaza sauti: "Maji yamepanda! Yamepanda, waheshimiwa!"

"Hilo hakuna anayelibisha," alisema Mheshimiwa Shekuwe kwa upole. "Tunatafuta namna ya kulisema."

Wakamweleza kwamba kama mwasisi wa mshale ataweka saini kuwa namba ya kihisi inaweza kuiwakilisha namba ya maji kwa muda, kazi itakuwa nusu. Makungu akasaini nakala tatu, kisha nakala za nakala, na kila aliposimama kuondoka kulikuwa na karatasi moja zaidi inayomhitaji Mtaalamu. Asubuhi aliwaacha wakijadili neno "kwa muda" ni aina ya nini, akakimbia, joho likimpiga miguuni.

Alipofika kwenye mgongo wa mlima juu ya Mkondoni hakukiona kijiji. Palikuwa na maji ya rangi ya udongo, yametulia kama chai iliyosahauliwa mezani, na katikati yake ncha ya paa la shule na juu ya ncha ile king'ora. Watu walikuwa mlimani, wamekaa juu ya magodoro, na mbuzi wao, na masanduku yao. Karibu wote walikuwapo. Mwatima alikuwa ameketi peke yake, kando yake sufuria iliyobonyea na mwiko.

Jirani mmoja ndiye aliyemsimulia. Mwatima alirudi mbio, akaingia jikoni kwake, akatoka na sufuria ile, akaipiga nyumba kwa nyumba akipiga kelele: "Maji yamefika dirishani kwa Bi Kisa! Tokeni!" Hakutaja dhiraa wala kihisi. Nyumba ya Bi Kisa ndiyo ya chini kuliko zote, na dirisha lake kila mtu analijua, maana hapo ndipo wanaponunua maandazi. Watu wakatoka.

"Na Mwalimu?" aliuliza Makungu.

Yule jirani aliinuka akaenda kumtazama mbuzi wake. Mwatima alijibu bila kugeuka.

"Nilimvuta mkono. Alikuwa shuleni, amevaa viatu, mkoba ameshaufunga, amekaa chini ya king'ora na ufunguo mkononi. Yuko tayari kabisa. Nikamwambia, maji yale pale, Mshamu, yaone. Akaziba masikio. Halafu akacheka, akaniambia, 'Mke wangu, mimi ndiye ninayewafundisha watoto wao. Nikipiga king'ora kwa kelele za sufuria, kesho nitawafundisha nini?' Akasema, 'Usiwe na wasiwasi. Kaka yako yuko Barazani. Tangazo litakuja.'"



Tangazo lilikuja. Siku ya nne baada ya mafuriko mvua ilikatika, na tarishi wa Baraza akapanda mlima akiwa msafi, karatasi ameifunga kwa kitambaa cha nta. Ilikuwa na mihuri saba. Kila kisanduku cha namba kimejazwa: kihisi na aina yake, mama wa aina yake, daraja, nguzo ya daraja, saa, mkono uliosoma, maji yenyewe, na katikati mshale mwekundu uliochorwa kwa ustadi mkubwa. Chini kabisa palikuwa na saini ya Makungu Vuai, Mtaalamu. Mwatima aliisoma mwanzo mpaka mwisho. Hakukuwa na kosa hata moja.

"Namtafuta Mwalimu Mshamu, mlinzi wa king'ora," alisema tarishi. "Aweke saini kwamba amejulishwa, ili aruhusiwe kukipiga."

Mwatima alinyoosha kidole kuelekea kwenye maji. "Yuko kule."

Tarishi alitazama, akatoa kalamu sikioni. Hakuwa mtu mbaya. "Kule wapi, dada? Fomu inataka mahali."

"Mwulize kaka yangu," alisema Mwatima. "Yeye ndiye mtaalamu."

Makungu alivua joho. Akaketi chini kwenye tope akaanza kulia kwa sauti mbele ya watu wote. Mwatima alichukua sufuria yake akaenda kuwatekea maji watoto. Tarishi alibaki amesimama, akisubiri kwa adabu, kalamu mkononi, maana kulikuwa kumebaki kisanduku kimoja tu.